Wa Mwisho Mwenye Hofu

Mwantumu alikuwa akipepeta mchele uani pale muuguzi asiyemfahamu alipopiga hodi, kisanduku cha sindano mkononi.

"Mama, mtaa mzima umebaki wewe tu. Zamu yako ikipita leo, hairudi tena."

Sindano ile ilizima hofu na huzuni ambazo watu huzirithi katika damu. Mwantumu aliitamani. Kila masika huzuni ilimlaza kitandani kama ilivyokuwa ikimlaza mama yake, hata uji ukamshinda kunywa.

"Mwanangu, huwezi kuniondolea huzuni ukaniachia hofu?"

"Mzizi wake ni mmoja, mama. Ukiung'oa, vyote vinakwenda. Na hofu ya nini tena?"

Mwantumu alimtazama binti yake, Zuena, aliyejiegemeza barazani na mimba yake kubwa. Zuena na mumewe walidungwa tangu wakiwa shule, na hawajawahi kuhangaikia kitu. Ndiyo maana Mwantumu alikuwa amemwahidi mjukuu wake, angali tumboni, kwamba hatakosa mtu wa kumhangaikia mpaka azaliwe salama.

"Kubali tu, mama!" Zuena alisema akicheka. "Mimi mzima. Kichwa tu kinagonga, na tangu jana naona vimulimuli mchana. Vinapendeza!"

Muuguzi, naye aliyedungwa zamani, akatabasamu.

Mwantumu peke yake ndiye aliyeogopa: kwa mja mzito, kichwa na vimulimuli ni dalili za hatari. Ungo ukamponyoka.

"Funga kisanduku chako, mwanangu."

"Zamu itapita, mama."

"Ipite."

Akamwinua Zuena, na wakashika njia ya hospitali, mmoja akicheka, mwingine moyo ukimwenda mbio.