Uzito wa Leokadia

Daraja letu lilikuwa limezeeka, na vihisi vilivyofungwa kwenye nguzo zake ndivyo vilivyoamua nani avuke. Kila mtu alipimwa uzito, akasubiri zamu, na zamu iliweza kuchukua miezi.

Leokadia alipimwa akiwa na mimba kubwa. Zamu yake ilipofika, mtoto alikuwa ameshaanza kucheka, na mumewe Otmari, aliyefanya kazi ng'ambo, alikuwa hajawahi kumshika.

"Watamkataa huyo," alisema mama yake Leokadia, ambaye hakuweza kuinuka kitandani bila kusaidiwa. "Hana zamu."

"Nitambeba mgongoni, mama. Uzito ni ule ule. Jioni nitakuwa nimerudi."

Daraja lilimruhusu. Otmari alimsubiri upande wa pili, akampokea mtoto kabla Leokadia hajashuka darajani, akamnusa shingoni. Lango la daraja likazungumza kwa upole: "Leokadia, uzito wako umepungua. Tumeurekebisha."

Walikula pamoja, wakacheka, wakalala kidogo, mtoto akiwa katikati yao. Jioni Leokadia alipofika langoni na mtoto mgongoni, lango lilikataa kufunguka.

"Vuka peke yako, au subiri zamu ya watu wawili."

"Baki," Otmari alimwambia.

"Na mama?"

Leokadia alimnyonyesha mtoto mpaka akasinzia, akamweka mikononi mwa baba yake. Akavuka, maziwa yakimlowesha gauni, na daraja likamshukuru kwa kuwa mwepesi.