Bwana Joho Juu ya Mnara

Fundi alipofanikiwa kuiwasha kompyuta ya marehemu, kioo kilikonyeza mara kadhaa, kisha Bwana Joho, shujaa wa mchezo wa marehemu, akatokea, amening'inia ukingoni mwa mnara, pale pale alipoachwa.

Mjane akavuta kiti. Joho lenyewe lilikuwa nukta nne tu nyekundu, lakini lilipepea.

"Amebakiwa na uhai mmoja," fundi akasema. "Akianguka, mchezo unaanza upya, na hapa mzee alipofika panafutika. Nizime, mama?"

Mjane alikuwa akikitazama kile kitufe kirefu cha kurukia, kilicholika katikati kwa kidole gumba chake mwenyewe. Mumewe alishika mishale, yeye kazi yake ilikuwa kurusha. Na hakuwahi kumrusha shujaa yule bila kumwombea kwanza.

"Mke wangu, fupisha dua, jamaa anaanguka!" mumewe alizoea kupiga kelele. Na kweli jamaa alianguka kila mara, nao wakacheka mpaka machozi.

Siku ya kwenda hospitali mumewe alimwacha Bwana Joho hapo juu. "Tutamshusha nikirudi," alisema.

Binti yao akaja taratibu, akaketi upande wa baba.

"Mimi nashika mishale, mama. Tumshushe?"

Mjane akaweka kidole gumba mahali pake, akaitikia kwa kichwa. Binti akabonyeza. Bwana Joho akatikisika, akaanza kuteleza.

"Mama, ruka! Anaachia!"

Mjane alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza, akitabasamu. Hakufupisha hata neno.