Kitu cha Thelathini na Moja

Wendell Krause alihesabu vitu vya nyumba ya magogo kwa mara ya nne, akapata thelathini. Karatasi ilisema thelathini na moja.

Akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda. Beseni, namba ishirini na tisa. Vumbi, halina namba. Katika zile nyumba sita za walowezi zilizohamishiwa kwenye bustani ya mji ziwe makumbusho, kila kitu kilikuwa na kibati cha shaba chenye namba yake, na sheria ya kaunti ilikuwa haina kona: msimamizi akipoteza kitu, kazi hana. Aliyemtangulia Wendell alifukuzwa kwa sababu ya kijiko. Wendell mwenyewe alikuwa na wiki tatu kazini, mke mwenye mimba ya miezi minane, na ukaguzi saa sita mchana.

"Nyanyua miguu, bibi."

Borghild, ajuza wa miaka tisini aliyekuwa akifuma soksi kando ya jiko, akanyanyua miguu. Chini yake hapakuwa na kitu.

"Umepoteza nini, mwanangu?"

"Ningekijua si ningeshakiona?"

Na kweli hakukijua. Mpiga chapa wa kaunti alikuwa ameruka mstari. Karatasi iliishia namba thelathini, kisha ikaandikwa chini: jumla, thelathini na moja. Daftari lenyewe, lililoandikwa kwa mkono miaka arobaini iliyopita, nyumba ilipobebwa nzima nzima juu ya lori kabla bwawa halijameza shamba, lilikuwa linakuja na mkaguzi.

Wendell akaketi sakafuni, akamtazama yule ajuza. Bustani ilikuwa na wazee wa kujitolea waliovaa magauni marefu na kofia za kufunga kidevuni, wakiwaambia wageni kwamba wameshuka jana kwenye gari la ng'ombe. Kuacha kuigiza kwao ni mwiko. Mwulize mhunzi choo kiko wapi, atakuonyesha vichaka. Wendell alikuwa amewachoka wote, lakini Borghild ndiye aliyekuwa kiboko yao.

Kwanza hakuwa kwenye orodha ya wanaojitolea. Kwenye orodha ya mishahara hakuwemo pia. Wendell akifungua geti asubuhi, anamkuta ndani, kahawa inachemka. Akifunga jioni, anamwacha akipanga kuni. Ufunguo aliupata wapi, Mungu ndiye ajuaye.

"Bibi, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Nani alikuleta hapa?"

"Nilikuja na nyumba. Nimezaliwa humu."

"Na baba yako aliua dubu kwa shoka, najua. Mhunzi ameshanipa hiyo."

"Baba alikuwa muoga wa dubu," alisema Borghild, akaendelea kufuma.

Hapo ndipo akili ya Wendell ilipowaka. Mtu mwenye ufunguo, asiye kwenye orodha yoyote, na kitu kimepotea. Jamani, alikuwa akitafuta chini ya kitanda na mwizi amekaa juu ya kiti!

"Hebu fungua kikapu chako."

Borghild akafungua bila kununa. Sega. Biblia ya Kinorwe. Chapati mbili za viazi ndani ya kitambaa. Nyuzi za sufu.

"Pekua, baba, pekua. Hutakipata humo."

"Kumbe unajua kilipo!"

"Najua sana. Kimo humu humu ndani ya nyumba. Kiache, hakijamkosea mtu."

Kwa Wendell hayo yalikuwa maungamo. Akapiga simu nyumba ya wazee iliyo barabara kuu, akaeleza kwamba ana ajuza asiye na mtu wala karatasi. Wakasema nafasi ipo. Gari lilifika baada ya dakika ishirini.

Borghild hakupiga kelele. Alifukia makaa kwa majivu, akamwaga kahawa iliyobaki, akapindua kikombe. Akajitanda shali yake kuukuu, akaibana kifuani kwa pini ya shaba. Mlangoni alisimama, akapapasa gogo moja lililochongwa alama za vimo vya watoto kwa kisu.

"Mvua ikinyesha, mlango huu huvimba," alisema. "Usiusukume. Unyanyue kidogo."

Roho ilimuuma Wendell. Lakini alimkumbuka mke wake, akajiambia kazi ni kazi, akamshika ajuza mkono hadi garini. Gari likakata kona ya kanisa, likapotea.

Saa sita kamili aliingia Lorna, karani wa kaunti aliyekuja kukagua, na daftari kubwa kwapani. Mkononi alishika mfuko wa biskuti.

"Bibi yuko wapi? Nimemletea biskuti zake."

"Bibi gani, dada? Yule ni mwizi! Nimeshamwondoa, yuko nyumba ya wazee. Ameiba kitu cha mwisho, akakificha humu humu ndani. Amekiri kwa mdomo wake, sikumlazimisha. Wewe nisomee tu ni kitu gani, nikitoe kilikofichwa tumalize."

Lorna akaweka biskuti mezani, akafungua daftari, akateremsha kidole.

"Ishirini na tisa, beseni," akasoma. "Thelathini, pipa la kusukia siagi." Kidole kikashuka mstari mmoja. "Thelathini na moja: Borghild, binti wa nyumba. Hali nzuri. Kibati kiko kwenye shali. Amekataa kutoka, apewe kuni."