Kuanzia Kifuani Kwenda Juu

Chaki ilikuwa imeanza kupukutika vidoleni mwa mjukuu, naye bado hajachora mstari. Hapo kwenye dirisha la jikoni kwa bibi yake ndipo ungetobolewa mlango wa kutokea kwenye baraza jipya, litakalokatiza juu ya uchochoro na kuyaunganisha majengo mawili makongwe. Ramani aliichora mwenyewe. Mafundi walikuwa wakimsubiri chini.

"Dirisha liache lilivyo," bibi alisema, safari hii kwa kunong'ona.

"Bibi, lifti ya barazani ndiyo itakayokushusha. Hujakanyaga barabara tangu ukatwe mguu."

"Yule hajui."

Alielekeza kidevu ng'ambo, kwenye dirisha la jirani yake. Miaka yote walipiga soga hivyo, kila mmoja na kizingiti chake, wakiazimana chumvi kwa kikapu cha kwenye ufito. Jirani alimjua bibi kuanzia kifuani kwenda juu. Mengine bibi alikuwa akiahirisha kumwambia, mpaka aibu ya kuchelewa ikawa kubwa kuliko jambo lenyewe.

"Wee mwenzangu, umelala?" sauti ilivuka uchochoro. "Wanasema tunajengewa baraza. Nitakuja tucheze ngoma humo humo, au utaendelea kuniringia?"

Bibi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Kiganja chake kilipapasa gurudumu la kiti, mbele, nyuma, mbele tena.

"Nipe hiyo chaki."

Aliishika, akaanzia chini ya kizingiti cha dirisha, akauvuta mstari wa mlango ukutani huku akiinama na kuhema, mpaka sakafuni.