Gari Lisilo na Mdomo

Siku hiyo wafanyakazi wote walinywa chai ya saa nne wakiwa wamesimama, kwa sababu meza za kantini zilikuwa zimetoweka. Zote nane. Viti vilibaki vimezunguka hewa tupu, na Bi Mwiko, mpishi mkuu, alisimama katikati yake mikono kiunoni.

"Mtu akiiba kijiko, namwelewa," alisema. "Akiiba sukari, namsamehe. Lakini meza nane anazipeleka wapi? Hata namba saba inayoyumba! Mwizi gani huyu asiyechagua?"

Beseni lake kubwa la kuoshea vyombo nalo halikuonekana.

Ingekuwa siku nyingine angecheka. Lakini saa saba mchana wakurugenzi kumi na wawili walikuwa waje kula kwake, na Mkurugenzi Mkuu alikuwa ameshatangaza kwamba atakayeharibu jambo lolote leo, hata liwe dogo namna gani, afungashe virago. Bi Mwiko alikuwa amepika hapo miaka kumi na tisa na hakuwahi kufungasha kitu zaidi ya mabaki ya wali.

Pilikapilika zote hizo zilikuwa kwa ajili ya gari. Kampuni iliunda magari ya matajiri, na tangu enzi na enzi yote yalikuwa na mdomo mpana wa chuma mbele, wa kuingiza hewa ya kupoza injini. Sasa lilikuwa linakuja la umeme, lisilo na injini ya kupozwa. Kwa miezi minane wakubwa walikuwa wakibishana kama libaki na mdomo wa urembo au likose kabisa.

Aliyeumia katika ubishi huo ni shemeji yake Bi Mwiko, mdogo wa mumewe. Yeye ndiye aliyekuwa akiunda mfano wa gari kwa udongo laini wenye nta, unaoyeyuka ukipata joto, ukubwa uleule wa gari lenyewe. Mara arobaini aliunda uso, mara arobaini Mkurugenzi Mkuu aliukataa.

"Ondoa!" ndilo lilikuwa neno lake. Shemeji akaondoa mdomo. Akaondoa taa. Akaondoa vitasa vya milango.

"Bado linaongea sana," akasema Mkurugenzi Mkuu.

Leo ilikuwa nafasi ya mwisho. Likikataliwa, kazi imekwisha, na shemeji, mkewe na mapacha wao wangehamia sebuleni kwa Bi Mwiko, ambako kulikuwa na makochi mawili na mume mmoja anayekoroma.

Bi Mwiko alikutana na shemeji huyo koridoni akisukuma toroli lililojaa udongo, mwingine umemtapakaa mikononi mpaka viwikoni.

"Shemeji, umeziona meza zangu?"

"Shemeji yangu, leo usiniulize kitu." Jasho lilikuwa likimchuruzika. "Kioyozi kimekufa tangu jana jioni. Kule chumba cha wabunifu ni kama tanuri."

"Na udongo wote huo?"

"Umezidi," alijibu, akakazana na toroli lake.

Bi Mwiko alimhurumia, akaendelea na upelelezi. Mpaka saa sita alikuwa ameshamtia hatiani mlinzi wa getini, ambaye dada yake alifungua mgahawa wiki iliyopita. Mgahawa unahitaji meza. Hapo hapakuhitaji shahidi.

Saa sita na nusu aliitwa apeleke kahawa kwenye chumba cha wabunifu. Gari lilikuwa katikati ya chumba, limefunikwa shuka la kijivu mpaka sakafuni. Shemeji alisimama mbele yake ametanua mikono kama golikipa.

"Mheshimiwa, rangi haijakauka. Naomba tulifunue kesho."

Mkurugenzi Mkuu hakumsikia. Alikuwa ameshaanza kulizunguka polepole, na wale kumi na wawili nyuma yake, vikombe mkononi, hakuna aliyethubutu kumeza.

"Halina mdomo," alinong'ona.

"Halina," wakaitikia.

"Halina macho. Halina milango. Jamani, halina hata magurudumu!" Machozi yalimlengalenga. "Na huu mgongo! Bapa, bapa, bapa, halafu ghafla unavimba hapa juu. Nimengoja miaka mingapi kuona mtu mwenye ujasiri huu?"

Shemeji alikanyaga pindo la shuka lisije likapeperuka.

"Asilifunue mtu!" Mkurugenzi Mkuu aliamuru. "Liingie kiwandani hivi hivi. Na bwana huyu apandishwe cheo leo leo."

Kisha akamgeukia Bi Mwiko. "Mpishi, furaha imetutia njaa. Meza ziko tayari?"

Sinia lilimwinamia Bi Mwiko, kijiko kikaanguka, kikaserereka mpaka chini ya gari. Alipiga magoti kukifuata. Akanyanyua pindo la shuka, akachungulia, na akakaa pale chini muda mrefu kuliko kijiko kilivyostahili. Shemeji alifumba macho, midomo ikimcheza kama mtu anayesali.

Bi Mwiko aliinuka taratibu, akakifuta kijiko kwenye aproni.

"Mheshimiwa," alisema, "meza tumeziondoa."

Wale kumi na wawili walimtazama Mkurugenzi Mkuu. Halafu Mkurugenzi Mkuu akaanza kupiga makofi.

"Mnaona? Mpaka jikoni wameelewa!"

Wakatoka wote kwa shangwe kwenda kula wakiwa wamesimama. Bi Mwiko alibaki nyuma. Alipiga magoti tena, akanyanyua shuka, akakunja kipande cha boksi na kukibana chini ya mguu wa namba saba, gari lisije likayumba mbele za watu.