Kiwiko cha Henriette

Mwanamume asiyejulikana alisimamisha baiskeli mlangoni, hakupiga hodi. "Treni imefika," alisema akihema. "Kama kuko mutu wa Kasai humu, aende ku gare sasa hivi. Hatuyui kama ingine itakuya." Akapanda tena baiskeli yake, akaondoka.

Ndani ya kituo cha vipofu walibaki watu wawili tu: Henriette, msichana aliyemaliza chuo mwaka uliopita akaja kujitolea, na Tata Séraphin, aliyepoteza macho mgodini. Wengine walitawanyika tangu vijana wenyeji walipoanza kuwafukuza watu wa asili ya mkoa wa Kasai hapa Kolwezi, mtaa baada ya mtaa, mwaka ule wa 1993.

Tata Séraphin akasimama. "Tuliahidiana nini?"

"Mpaka ku wagon ya treni," alijibu Henriette kwa sauti ndogo.

"Basi, twende."

Henriette akafunga furushi: blanketi, sufuria, vitenge viwili. Tata Séraphin akalitia begani, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni mwa suruali. Halafu akashika kiwiko cha msichana.

Siku zake za kwanza kituoni Henriette alikuwa akimkokota kwa mkono, hadi mzee aliposimama katikati ya barabara na kumwambia, "Mama, mi hapana mbuzi." Tangu hapo alijifunza kutoa kiwiko, kutangulia kidogo, kutaja shimo kabla mguu haujalifikia. Njia hii ya stesheni Tata Séraphin hakuwahi kuipita bila kiwiko cha mtu.

"Unaona nini?" aliuliza mzee.

"Hakuna kitu, tata."

"Unanidanganya kama ule munganga wa macho mwenye alisema nitapona."

Kusema kweli alichokiona, hilo nalo alikuwa amefundishwa kituoni, na leo lilikuwa gumu kuliko yote. Akavuta pumzi. "Nyumba ya jirani, Mama Bilonda, haina mabati. Mulango bameutoa. Kuku yake moja iko anatembea mu salon, pale pa kupokea bageni."

"Kuku tu ndiye amebaki mwenye nyumba," alisema mzee. Akacheka kidogo. Barabara ilikuwa tupu, wakawa wanasikia viatu vyao wenyewe.

Karibu na stesheni vijana walikuwa wamelaza magogo njiani. Waliokwenda kupanda treni walipekuliwa na kunyang'anywa. Wasichana wa Kasai walivutwa nyuma ya ghala, na si wote waliorudi.

"Kilulu kipofu!" alipiga kelele mmoja. Ndivyo walivyowaita watu wa Kasai: bilulu, wadudu. "Unaenda kuona nini kule kwenu?"

"Kama kungali batu ba heshima," alijibu Tata Séraphin.

Vijana wengine wakaangua kicheko. Kijana yule akamzaba mzee kofi. Wakamvua koti, wakamvua viatu, furushi wakalipekua, wakamtupia. Henriette akafungua kinywa. Vidole vya mzee vikambana kiwiko kwa nguvu.

"Na weye, mama," kijana alimwambia Henriette, sasa kwa upole, "ukishamupandisha, urudi mbio. Batakuchanganya na bale."

Henriette akaitikia kwa kichwa. Magogo yakasogezwa.

Stesheni ilijaa watu waliokuwa wamelala pale siku nyingi, na wengine walikwisha kupanda juu ya paa za mabehewa. Hakuna aliyewasalimu. Henriette aliongoza katikati ya masanduku na magodoro, akitaja kila kitu: kamba, mtoto amelala, maji yamemwagika. Mwishoni kabisa akapata mlango wa behewa la mizigo uliokuwa bado wazi.

"Tumefika, tata. Kuko nafasi ya mutu moja."

"Ya mutu moja inatosha."

"Kule ndani sitakuwa na weye," alisema Henriette. "Hatutaonana tena."

"Mi sijakuona hata siku moja," alisema mzee, "na nakuyua muzuri."

Filimbi ikalia. Wakakumbatiana, na watu wakawasukuma huku na huku.

Treni ilipoanza kusogea, Henriette alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa, furushi kifuani, akienda kwao Kasai. Chini, Tata Séraphin, miguu peku, alimgeukia mtu wa kwanza aliyemgusa, akamuuliza kwa Kisanga, lugha ya wenyeji aliyozaliwa nayo, njia ya kurudi mjini iko upande gani.