Simba wa Karata

Zamani, wanyama walipokuwa na nafasi ya kucheza karata, Pimbi alitolewa mapema mashindanoni, simba wamemjaa mkononi. Simba hachezwi mpaka alishwe karata za swala, na swala Pimbi hakuwa nao. Akishindwa tena, chama cha wachezaji kingemfuta uanachama.

Kila mchezaji alikwenda na karata zake mwenyewe, basi akamwendea Tausi, mchezaji mwenzake, akampa simba wote isipokuwa mmoja, akachukua karibu swala wake wote.

Tausi akacheka. “Shoga, huo mchezo au malisho? Simba ndio heshima!”

“Heshima nilikwenda nayo, nikarudi nayo,” Pimbi akajibu, akiendelea kupanga karata zake.

Mashindano yaliyofuata walikutana fainali, Tausi akiwa amefika kwa kubahatisha na swala wachache aliobaki nao. Swala wa Pimbi walitoka, simba wake akafuata, mchezo ukaisha.

Tausi akatandaza mezani simba wake ambao hawakuchezwa. “Lakini tazama walivyo wazuri!”

“Wazuri kweli,” Pimbi akasema, akipokea kombe. “Maskini, wamekufa njaa.”